Majibu Yaliyokosa Mwenyewe

Fundi mageti mmoja wa Tegeta, mwenye banda lake kando ya Barabara ya Bagamoyo, alichangia damu mwaka 2017 ili shemeji yake afanyiwe upasuaji wa uzazi. Shemeji alitoka salama, mtoto akatoka salama, na fundi akarudi bandani akisifiwa na ukoo mzima. Miaka sita baadaye akalazwa yeye, tumbo limejaa maji na ini limesinyaa. Katikati ya sifa zile na kitanda kile, majibu ya damu yake yalikuwa yakimngoja, naye hakwenda kuyachukua.

Kisa hiki nimekisuka mwenyewe, na fundi huyu sikumpa jina kwa kuwa si mtu mmoja. Nimekisuka kwa mambo yanayoweza kumpata yeyote anayenyoosha mkono kutoa damu, awe wa Tegeta, Mbagala au Bunju. Yanayosemwa humu kuhusu ugonjwa, vipimo na dawa ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kukisimulia.

Siku ile kaka yake alimpigia asubuhi: mke yuko hospitali, mtoto amekaa vibaya, daktari anataka kumpasua, ndugu wanatakiwa waje kuchangia damu. Fundi akazima mashine ya kuchomelea, akamwachia kijana wake banda, akapanda daladala. Hilo ni jambo jema, na lisomwe hivyo. Wako watu katika jiji hili wanaoishi leo kwa sababu ndugu, jirani au mtu wasiyemfahamu kabisa aliacha kazi yake akaenda kutoa damu.

Alipimwa uzito, akazipita kilo 50 zinazotakiwa. Akapimwa presha, akatobolewa kidole kuangaliwa wingi wa damu. Kisha akapewa dodoso. Swali mojawapo liliuliza kama amewahi kuongezewa damu. Akajibu hapana, wala hakukusudia kudanganya. Mwaka 1988, akiwa mtoto wa miaka minne huko Kilosa, malaria ilimmaliza damu, akapelekwa hospitali akawekewa chupa moja. Anayekumbuka ni mama yake, na mwanawe hakuwahi kumuuliza.

Alilala kitandani, akawa anafumba na kufumbua kiganja kama alivyoelekezwa, mfuko ukajaa polepole hadi mililita 450. Nesi alijaza na vichupa viwili vidogo vya sampuli, akavibandika namba ileile iliyokuwa kwenye mfuko. Alipomaliza akampa soda na biskuti, akamwambia, “Kaka, andika namba ya simu unayopatikana. Majibu ya damu yako ni haki yako, uje uyachukue.” Fundi akajibu, “Sawa dada,” akaandika namba, akaondoka.

Vichupa vikaenda maabara. Hapa nchini damu ya mchangiaji hupimwa maambukizi manne kabla ya kuruhusiwa imfikie mgonjwa: VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Damu ya fundi ilikutwa na kingamwili za homa ya ini C. Mfuko wake ukawekwa kando ukateketezwa, na shemeji akaongezewa damu ya mtu mwingine iliyokwisha kupimwa ikawa salama. Mpaka hapo kila mmoja alikuwa ametimiza wajibu wake. Ilibaki hatua moja tu, na hiyo ilikuwa ya fundi.

Simu ya kwanza ilimkuta amevaa miwani ya kuchomelea. Alipoambiwa inatoka kituo cha damu, alidhani wanataka nyingine, akasema yuko kazini. Simu ya pili ilimwita wazi: njoo uchukue majibu yako. Akauliza ni majibu gani. Dada wa upande wa pili akamwambia kwa upole kwamba majibu hayatolewi kwenye simu, kwa sababu ni siri ya mwenyewe na yanakwenda pamoja na ushauri. Hapo ndipo woga ulipomwingia. Kwa akili yake, majibu yasiyosemeka kwenye simu yana jina moja tu, Ukimwi. Usiku mkewe alimuuliza, “Baba watoto, nani huyo anayekutafuta?” Akajibu, “Watu wa damu hao, wanataka tena.” Tangu siku ile hakupokea namba ile. Hakumwambia mtu, na kwa kuwa hakuumwa popote, baada ya miezi michache akasahau.

Mwaka 2019 alijisikia mchovu kuliko kawaida. Akaenda maabara moja ya mtaani kupima mwili mzima, kama watu wanavyosema, na katika vile alivyolipia kilikuwamo kipimo cha ini. Karatasi iliandikwa ALT 34, na pembeni yake kiwango cha kawaida: mwisho 40. “Ini lako halina tatizo,” akaambiwa. Alirudi nyumbani amefurahi. Karatasi akaikunja, akaiweka kwenye droo ya bandani pamoja na risiti za vyuma, na kila uchovu ulipomrudia aliitoa akaisoma upya. Namba ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuichukua kama jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

ALT ni kimeng'enya ambacho makazi yake hasa ni ndani ya seli za ini. Seli ikijeruhiwa, humwaga kimeng'enya hicho kwenye damu, na maabara hukipima. Kinachoonekana, basi, ni kwamba seli zinaumia wakati huo. Aliyeziumiza haonekani: inaweza kuwa pombe, mafuta yaliyojaa kwenye ini, dawa za kifua kikuu, vidonge vya maumivu vilivyomezwa kupita kiasi, au hata mazoezi mazito ya siku iliyotangulia. Kwa homa ya ini C kuna tatizo kubwa zaidi. Kirusi hiki huumiza ini polepole, na ALT hupanda ikashuka, leo juu, mwezi ujao kawaida. Karibu theluthi ya watu wanaoishi nacho kwa muda mrefu ALT yao hubaki ya kawaida kila wanapopimwa. Moshi huonyesha penye moto, lakini mkaa uliokolea hautoi moshi na bado unaunguza sufuria.

Madaktari walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970, Harvey Alter na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliona kwamba wagonjwa wengi waliokuwa wakiongezewa damu walipata homa ya ini isiyokuwa A wala B. Kilichoileta hakikujulikana, na kisichojulikana hakina kipimo. Watafiti wakaamua kupima ALT ya wachangia damu, wakakuta kweli kwamba damu ya wenye ALT ya juu iliambukiza zaidi. Lakini hesabu zilizochapishwa mwaka 1981 zilionyesha kwamba hata damu hiyo yote ikikataliwa, maambukizi yatakayozuilika ni kati ya matatu na manne katika kila kumi. Yaliyobaki yangepita, kwa kuwa yalitoka kwa wachangiaji ambao ALT yao ilikuwa safi. Isitoshe, wapo ambao damu yao nzuri ingekataliwa kwa sababu tu walikunywa pombe au wana mwili mkubwa. Hata hivyo, benki za damu za Marekani zilianza kutumia kipimo hicho kuanzia mwaka 1986, kwa kukosa kilicho bora.

Mwaka 1989 Michael Houghton, pamoja na Qui-Lim Choo na George Kuo, walitangaza kwamba wamekipata kirusi chenyewe, kikaitwa C. Mwaka uliofuata kipimo cha kingamwili zake kikaanza kutumika kwenye benki za damu. Mwaka 1995 jopo la wataalamu lililokutanishwa na taasisi zile zile za Marekani likashauri ALT iachwe katika kupima wachangiaji, kwa kuwa haikuongeza tena usalama wa maana. Alter, Houghton na Charles Rice, ambaye baadaye alithibitisha kwamba kirusi hicho peke yake kinatosha kuleta ugonjwa, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2020. Tazama basi: kipimo ambacho wataalamu wa damu walikiacha mwaka 1995 kwa kuwa hakitoshi, ndicho fundi wetu alichokiegemea mwaka 2019, wakati jibu la kipimo kinachotosha lilikuwapo kituoni kwa jina lake.

Asiseme mtu kwamba homa ya ini C ni ya nchi za mbali. Kuanzia Oktoba 2004 hadi Oktoba 2005 watafiti walipima wachangia damu 1,599 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa ndugu waliokuja kumchangia mgonjwa wao, kama fundi alivyofanya. Asilimia 8.8 walikutwa na homa ya ini B, asilimia 4.7 na kaswende, asilimia 3.8 na VVU, na asilimia 1.5 na kingamwili za homa ya ini C. Kwa jumla, karibu 16 katika kila 100 walikuwa na walau ambukizo moja. Hao walikuwa watu waliotembea kwa miguu yao, wenye nguvu, waliojiona wazima kiasi cha kutoa damu. Ni katika miaka hiyo Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanza kazi, ili damu ikusanywe zaidi kwa watu wanaojitolea na ipimwe yote kwa utaratibu mmoja.

Asilimia 1.5 yaweza kuonekana ndogo. Katika watu 1,599 ni watu kama 24, kila mmoja akiwa na nyumba yake na wanaomtegemea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 duniani wanaishi na homa ya ini C, na kwamba mwaka 2022 iliua watu wapatao 242,000, wengi kwa ini kusinyaa na saratani ya ini. Haina chanjo, tofauti na homa ya ini B ambayo watoto wetu huchanjwa kliniki. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote mwanzoni. Kati ya 15 na 45 katika kila 100 mwili wao hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki hukaa nacho, na kati yao 15 hadi 30 katika kila 100 ini lao husinyaa ndani ya miaka 20.

Fundi alikuwa katika hesabu hiyo ya mwisho bila kujua. Mwaka 2022 miguu ilianza kuvimba jioni. Akaletewa dawa ya mitishamba ya kusafisha ini, chupa ya lita moja, akanywa asubuhi na jioni wiki kadhaa. Ini lililokwisha kujeruhiwa likabebeshwa mzigo mwingine ambao hakuna aliyejua umo nini. Mwaka 2023 suruali zikaacha kufunga kiunoni ilhali mikono na uso vinakonda. Macho yakageuka manjano. Mkewe hakungoja tena, akakodi bajaji akampeleka hospitali.

Daktari alipouliza kama amewahi kupimwa ini, fundi aliitoa karatasi yake ya mwaka 2019. Daktari akaisoma, akamrudishia, akauliza kama amewahi kuchangia damu. Hapo ndipo ile simu ya mwaka 2017 ilipotajwa kwa mara ya kwanza mbele ya mkewe. Alipimwa upya: kingamwili zipo, na kipimo cha pili kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu kikathibitisha kwamba bado kipo. Picha ya utrasaundi ikaonyesha ini limejaa makovu na maji yamezunguka tumbo.

Jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa macho ya mkewe. Alijua anafikiriwa nini: ama wanawake wa nje, ama sindano za unga. Daktari aliwaketisha wote wawili akawaeleza kwamba homa ya ini C huambukizwa hasa kwa damu kuingia kwenye damu. Sindano za kushirikiana ni njia moja. Nyembe na vifaa vya kuchanjia au kutogea visivyotakaswa ni njia nyingine, na damu isiyopimwa ni nyingine. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Kwa kujamiiana hutokea, ila ni mara chache zaidi. Kula sahani moja, kukumbatiana na kunyonyesha havimo. Mkewe akapimwa, akakutwa hana. Jioni mama mzazi akapigiwa simu, na ndipo habari ya chupa ya damu ya mwaka 1988 ilipotoka. Wakati ule kirusi hakijagunduliwa na hakukuwa na kipimo popote duniani. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ndiyo iliyomwambukiza, lakini yatosha kumfundisha mtu asimhukumu mgonjwa kabla ya kujua maisha yake yalipitia wapi.

Akaanzishiwa vidonge. Dawa za kizazi hiki, kama sofosbuvir na daclatasvir, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015, na huwaponya zaidi ya 95 katika kila 100 wanaozitumia. Ambaye ini lake halijasinyaa kwa kawaida humeza kwa wiki 12. Fundi alimeza kwa wiki 24. Mwisho wa tiba kipimo kilionyesha kirusi hakipo tena, akashukuru Mungu. Lakini dawa huondoa kirusi tu. Makovu ya miaka yote ile hayaondoki kwa vidonge. Kila baada ya miezi sita lazima apigwe picha, kwa sababu ini lililosinyaa linaweza kuota saratani hata kirusi kikiwa kimeondoka. Chumvi amepunguziwa, pombe amekatazwa maisha, na geti la chuma halinyanyui tena. Kazi hiyo anafanya kijana wake, yeye anasimama pembeni kuelekeza. Angekwenda kituoni mwaka 2017, dawa zilikuwa zimeshagunduliwa, na ini lake lilikuwa na nguvu zaidi ya hapo.

Funzo la kwanza ni kwa anayechangia damu. Majibu ni sehemu ya kuchangia. Andika namba unayopatikana, na ukibadilisha laini, warudie uwape mpya. Ukiitwa, nenda. Kuitwa hakuna maana ya hukumu: kingamwili zinaweza kuonekana kwa mtu ambaye mwili wake ulishakiondoa kirusi zamani, ndiyo maana kipimo cha kuthibitisha kipo. Anayekimbia majibu hujinyima habari njema pia.

Funzo la pili ni kwa anayependa kupima mwili mzima. Uliza kila kipimo kinatafuta nini. ALT iliyo juu ikupeleke kwa daktari. Iliyo sawa isikufanye uamini kwamba huna homa ya ini B au C. Virusi hivyo vina vipimo vyake, viombe kwa majina yake. Hasa ikiwa uliwahi kuongezewa damu zamani, ulijidunga sindano, ulichanjwa kwa wembe wa pamoja, au mama yako alikuwa na ugonjwa huu. Na kama wazazi wako hai, waulize leo uliumwa nini utotoni.

Funzo la tatu: usiende kuchangia damu kwa lengo la kujipima bure. Mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kukaa wiki nane au zaidi kabla kingamwili hazijaonekana, na katika muda huo damu yake inaweza kupita kwenye kipimo ikamfikia mgonjwa. Anayetaka kujipima aende hospitali. Kwenye dodoso sema kweli yote, kwa kuwa ukweli wako ni ulinzi wa kwanza wa anayengoja damu hiyo.

Kwa viongozi wetu wa afya kuna mfano wa Misri. Huko sindano za kutibu kichocho, zilizotumika kwa mamilioni kati ya miaka ya 1950 na 1980 bila kutakaswa inavyotakiwa, zilieneza homa ya ini C kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Kuanzia mwaka 2018 serikali iliwapima mamilioni ya watu wazima na kuwapa dawa waliokutwa nayo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua nchi hiyo kwa hatua kubwa ya kuelekea kuutokomeza ugonjwa huu. Walichofanya ni kuhakikisha aliyepimwa anapata jibu, na aliyepata jibu anapata dawa. Sisi tunao wachangia damu ambao wamekwisha kupimwa. Kuwafikia wote wenye majibu mabaya na kuwakabidhi kwa daktari kungeokoa watu ambao tayari tunawajua kwa majina.

Nawe msomaji, kama ulichangia damu, ukapigiwa simu, hukwenda, nenda wiki hii hata kama imepita miaka. Beba kitambulisho, na kadi yako ya mchangiaji kama unayo. Ukiambiwa kuna kirusi, usitoke chumbani kabla hujauliza mambo mawili: kipimo cha kuthibitisha napimiwa wapi, na nikithibitishwa, dawa naanza lini?